Miche Sitini na Nne ya Mwalimu Komba

Mwalimu Ernesti Komba aliponunua mche wake wa thelathini na moja, nilifunga daftari la Hisabati nikamwambia, "Komba, wewe huna shamba."

"Sina," akajibu.

"Bustani unayo?"

"Kuna kiuwanja."

"Kile cha kuanikia nguo tatu?"

"Nne, ukizibana."

Akauweka mche dirishani mwa ofisi ya walimu, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, akagonga kabati, akaliomba kabati radhi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu huyu hafuati miche.

Mimi naitwa Mwalimu Evodia. Nafundisha Hisabati katika shule moja ya msingi hapa Korogwe, na kwa miaka tisa meza yangu imetazamana na ya Komba. Mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nilimbana mpaka akayasema.

Alizaliwa Hale, kwenye kambi ya zamani ya mkonge. Babu yake alitoka Songea enzi za manamba, akaja kukata mkonge kwa miaka miwili, akasahau kurudi. Baba yake alilima mahindi na machungwa. Shangazi yake alikuwa anafua nguo kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo cha umeme, na siku moja familia moja ilipohama ikamwachia mabaki yake: sufuria isiyo na mfuniko, kandambili za mguu mmoja, na kiboksi cha bati chenye vidonge kumi na viwili vya rangi. Ernesti, aliyekuwa na miaka tisa, alidhani ni pipi. Akaanza na ya bluu.

Mama yake alipouona ule ulimi alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akakimbia naye hadi zahanati huku anasali kwa sauti. Daktari akamwambia afungue mdomo, akanusa, akauliza amekula nini. Ernesti akatoa kiboksi mfukoni. Daktari akakipokea. Alilowesha ncha ya kidole chake, akagusa kidonge chekundu, akachora ua dogo pembeni ya kadi ya kliniki. Akachovya tena kwenye maji, akagusa ua lile, na wekundu ukaanza kutembea wenyewe kwenye karatasi, ukaenda ulikotaka.

"Hizi ni rangi za maji," akasema. "Hazilambwi."

Mama alitaka kumchapa walipofika nyumbani, lakini mtoto alikuwa ameshatoroka na kadi, yuko ukingoni mwa mto Pangani, anatafuta kitu cha kuchovya. Brashi yake ya kwanza ilikuwa ya nyuzi za mkonge, ikawa ngumu kama ufagio. Ya pili ilikuwa laini sana, na ilichukua wiki nzima kabla Mzee Sharifu, jirani yao, hajang'amua kwa nini beberu wake hana ndevu.

Basi akakua hivyo, anachora mdiria akipiga mbizi, anachora hondohondo, anachora majani ya mgomba yaliyochanwa na upepo. Alichora nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya sabuni, hata kwenye mfuko wa saruji uliofunguliwa na kunyooshwa kwa pasi. Dada yake mkubwa, Fausta, anasema ukimtuma dukani mafuta ya taa alirudi jioni na chupa tupu, akiwa na furaha tele, eti ameona ndege anayejenga kiota kichwa chini.

Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa Kang'ata, kule Handeni, ambako jua likiamua kukaa linakaa. Mwaka huo lambo lilibaki tope, na maji yalikuja kwa punda kutoka mbali. Komba akawaambia watoto wa darasa la nne walete karatasi, atawafundisha rangi za maji. Habari zilitembea upesi kuliko punda: mwalimu mpya anamwaga maji kwenye karatasi. Kesho yake akaja Bibi Tatu, mwenye wajukuu watano shuleni hapo, na ndoo tupu kichwani iwe ushahidi.

"Shikamoo, bibi," Komba akasema.

"Marahaba. Mwalimu, ni kweli unawapa watoto maji wapake karatasi?"

"Ni kweli, bibi. Ni yale waliyonawia mikono."

"Kiasi gani?"

Komba akamwonyesha kizibo cha soda. Kila mtoto alipewa maji ya kizibo kimoja, akimwaga hapati tena. Bibi Tatu akakitazama kizibo, akawatazama watoto arobaini waliovishika vizibo vyao kama wameshika mayai ya kanga, akaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka akaishika nguzo. Alisema ng'ombe wake akipiga chafya anamwaga zaidi ya hayo. Halafu akauliza kama kuna kizibo kilichobaki. Akapindua ndoo yake, akaikalia, akachora mbuzi mwenye miguu mitano, na watoto walipomkosoa akawaambia mmoja ni mkia, umeshuka kwa njaa.

Tangu siku hiyo alikuja kila Alhamisi, na kabla ya mwezi kwisha wakaja bibi wengine watatu. Mvua ya kwanza iliponyesha mwalimu mkuu alikuta darasa la nne zima na bibi wanne wamesimama uwanjani, karatasi zimenyooshwa mbele, wanaangalia matone yanavyozifanyia kazi rangi. Katikati yao alikuwa Komba, ameloa chapachapa, anarukaruka. Alipewa barua ya onyo. Baadaye aliniambia ilikuwa karatasi nzuri mno, nene, na upande wa pili alichora kanga akakaa vizuri.

Alihamishiwa Korogwe akiwa na miaka arobaini. Alipewa Sayansi, na vipindi vya kuchora alivijaza mwenyewe mchana. Watoto walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwaambia wamekosea. Akikuta picha imechafuka alisema, "Rangi ya maji haitaki kukabwa shingo. Iache iende, halafu uifuate." Na yeye mwenyewe alifuata kweli. Mara ngapi nilifundisha kugawanya kwa desimali huku dirishani wanapita watoto thelathini wananyata, mwalimu wao mbele ameinama, wanamfuata chozi, ndege mdogo kama kidole gumba, kutoka ua moja hadi jingine, hadi nje ya geti.

Lakini mwanamume huyu ambaye angeweza kuzungumza saa nzima juu ya ukucha wa kinyonga, mbele ya mwanamke alikuwa bubu. Dada Fausta alishamwonyesha wachumba mpaka akachoka. Mmoja aliketi naye sebuleni mchana kutwa, na alichoambulia ni kuelezwa kwamba kivuli si cheusi, ukikitazama vizuri kina zambarau. Alikwenda zake.

Ndipo Raheli akafungua kitalu cha miche kando ya barabara kuu, si mbali na daraja. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, Msambaa wa milimani, na wengi walimwita Mama Grace kwa jina la binti yake anayesomea uuguzi Tanga. Mrefu, sauti yake inasikika ng'ambo ya barabara hata malori yakipita. Miche yake ilijipanga katika viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki, mistari imenyooka utadhani gwaride. Siku ya kwanza Komba alikwenda kuomba ruhusa ya kuchora ua la pasheni lililochanua juu ya uzio wake.

"Hapa si mahali pa maonyesho," Raheli akamwambia. "Hapa tunauza."

Komba akanunua mche. Kesho yake akanunua mwingine. Hakuwa na ujanja mwingine wa kurudi pale, na kwa kuwa hakuweza kutunga sentensi, alitaja majina ya mimea tu: mkomamanga, asumini, waridi. Raheli alimfungia, akamwambia karibu tena, na hilo "karibu tena" lilimtosha kutembea nalo hadi shuleni akiwa anatabasamu peke yake barabarani.

Wiki zile Komba hakuwa wetu. Alitia chumvi kwenye chai ya walimu wote. Alivaa soksi moja ya kijani na moja ya kahawia, na nilipomwonyesha alisema zinaelewana. Alisahihisha rundo la madaftari, akayapa yote alama zote, kisha nikagundua ni madaftari yangu ya Hisabati.

Nikaamua kumsindikiza kwenye ule mche wa thelathini na mbili. Tulimkuta Raheli amekasirika, mikono kiunoni.

"Watu hawa wananichosha," alituambia, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Wanauliza ua lake likoje. Nawaambia jekundu. Wanauliza jekundu lipi. Mimi nauza kijiti kina majani mawili, ua watalionaje? Wanaondoka."

Nilimtazama Komba. Midomo ilikuwa inacheza. Nikamkanyaga mguu.

"Ninaweza," akasema.

"Unaweza nini, mwalimu?"

"Kuwaonyesha."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza isiyo na jina la mmea, na ilimchosha kiasi kwamba alisahau kuchukua mche aliolipia.

Jumapili yote alichora. Jumatatu alifika kitaluni na kadi kumi na mbili, kila moja imefungwa kwenye nailoni isiloe, imepachikwa kwenye kijiti cha kuchomeka kwenye kiriba. Nimeona picha nyingi za Komba, lakini zile zilikuwa na wazimu ndani yake. Komamanga lilikuwa linawaka. Waridi lilionekana limeamka sasa hivi. Ua la pasheni, na ule ushungi wake wa nyuzi za zambarau, lilikufanya utake kulipungia mkono. Raheli alizipokea moja moja. Ile ya asumini akaisogeza karibu na macho.

"Hii nyeupe umepakaje?" akauliza mwishowe.

"Sikuipaka," Komba akasema. "Nimeiacha karatasi."

"Umeacha," Raheli akarudia polepole, akaiangalia tena.

Siku hiyohiyo basi moja la kwenda Moshi lilipata pancha karibu na kitalu. Abiria wakashuka kunyoosha miguu, wakaziona kadi. Mama mmoja mwenye kilemba akachomoa ile ya pasheni akasema anaitaka.

"Chukua mche," Raheli akamwambia.

"Sitaki mche. Nakaa ghorofani. Nataka hii ya karatasi."

"Hiyo haiuzwi, mama. Hiyo inausemea mche."

"Basi nipe mche na msemaji wake."

Wengine wakasikia. Kufikia gurudumu kufungwa, basi zima lilikuwa limejaa miche na kadi, dereva amewekewa mkomamanga pembeni ya usukani, na Raheli amesimama katikati ya nafasi tupu, akicheka huku ameshika kichwa. Komba alipotoka shule alimkuta hivyo.

"Mwalimu," akamwambia, "wamebeba zote. Itabidi uchore nyingine."

"Ngapi?"

"Uje kila siku, tutajua."

Alikuja kwangu akitembea upandeupande kama kaa. Alitaka nimfafanulie kama "uje kila siku" maana yake uje kila siku.

Ikawa hivyo. Alichora, akapeleka, na mara mojamoja akanunua mche wa kurudi nao, maana aliona aibu kuacha desturi. Mwezi wa tatu binti Grace akaja likizo, akanivuta pembeni.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu mwalimu wa kuchora ni mtu wa namna gani?"

"Marahaba. Kwa nini unauliza?"

"Mwaka jana nilimwambia mama nitampigia picha za maua kwa simu, nizichapishe steshenari, nizitie na plastiki ngumu. Kazi ya siku moja. Alikubali. Sasa nimeleta picha zenyewe, ananiambia nizifiche, mwalimu asizione."

Niliikumbatia siri hiyo kwa muda wa dakika kumi hivi. Siyo kwamba nilimwambia Komba. Nilimwendea Raheli mwenyewe, nikamuuliza kama amewahi kujiuliza miche ya mwalimu inakwenda wapi.

"Si ana shamba?" Raheli akasema.

"Ana kiuwanja. Cha nguo nne, ukizibana."

Akaweka chini bomba la kumwagilia. "Amenunua miche sitini na nne," akasema. "Jumamosi nipeleke."

Jumamosi mchana tukaenda. Hatukuwa tumefika kwa Komba bado Raheli alipoanza kuitambua miche yake. Mikrismasi miwili ilisimama getini kwa mwenye mashine ya kusaga. Asumini ilikuwa imezunguka kisima cha mtaa. Michungwa mitatu ilikuwa kwenye zahanati, mstari mmoja, na kando ya kila mmoja kibao kidogo chenye picha ya chungwa ili mbuzi, kama alivyonieleza Komba baadaye, wajue wanachosubiri wasile majani. Raheli alihesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaanza kuhesabu kwa vyangu. Uzio wa shule ulikuwa na ishirini na moja. Sikuwahi kuiona. Nimepita hapo kila siku, mimi mtu wa hesabu.

Nyumbani kwa Komba tuliingia kwa ubavu. Kiuwanja kilikuwa kimejaa majani hadi kiunoni. Pasheni ulikuwa umepanda bafu, ukavuka paa, ukajikunja kwenye antena ya jirani, na jirani mwenyewe, Mama Filomena, alituambia kupitia dirishani kwamba tangu uchanue hapati taarifa ya habari lakini anapata ndege. Kuku wake mmoja alikuwa ameingia humo wiki iliyopita na sauti yake bado inasikika. Komba alitokea katikati ya mibogonvilia na kikombe cha chai mkononi. Alipomwona Raheli alisimama kama amechorwa.

"Onga mshi," akasema. Ndiyo salamu ya Kisambaa, alijifunza kwa mwuza viazi, na matamshi yalikuwa ya mwuza viazi mwenye mafua.

Raheli alianza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akauachia, akatafuta pa kukaa, akaikalia ndoo ya maji bila kujua imejaa, akainuka ameloa, akazidi kucheka. Komba naye akaambukizwa. Nami nikaambukizwa, na Mama Filomena dirishani, na sote hatukujua tunachocheka.

Alipopata pumzi Raheli akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mwalimu, nikuulize. Wewe unataka miche, au unamtaka mwenye miche?"

Kikombe kilianguka. Hakikuvunjika, kilitua kwenye majani.

"Mwenye miche," Komba akasema, waziwazi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Basi ungesema tangu mche wa tano," Raheli akamjibu, "ningepumzika."

Mambo ya wazee yalikwenda haraka. Dada Fausta alipanda milimani na ujumbe wa posa, nami nikiwa katika ujumbe huo. Mzee Isaka, baba mdogo wa Raheli, alitupokea kwa heshima, kisha akauliza bwana harusi hufanya kazi gani.

"Ni mwalimu," Fausta akasema. "Na anachora."

"Anachora nini?"

"Chochote kilicho hai, mzee wangu, kikitulia."

Mzee Isaka akanyoosha kofia, akakaa wima, akatulia. Ilibidi tumpigie Komba simu apande milimani siku ya pili yake. Mzee alikaa asubuhi nzima bila kupepesa, na alipoonyeshwa picha akalalamika kwamba ndevu hazijapakwa. Raheli, aliyekuwa amepanda naye, akamwambia hazipakwi, huachwa karatasi. Mzee akazitazama tena, akasema kama ni hivyo, mtu anayejua cha kuacha anafaa kuoa.

Ndoa ilipangwa saa nne asubuhi, kanisa la kina Raheli hapa Korogwe. Saa nne kasorobo bibi harusi alifika na gari limepambwa kwa maua ya kitalu chake mwenyewe. Bwana harusi hayupo. Mchungaji akatazama saa. Fausta akaenda hadi barabarani kuangalia. Nikampigia msimamizi wake, Mwalimu Petro, anayefundisha Kiingereza.

"Tuko darajani," Petro akasema kwa kunong'ona.

"Gari limeharibika?"

"Hapana. Amesema tusimame. Kuna mdiria."

Nikalisogelea gari la bibi harusi. Raheli akauona uso wangu, akashusha kioo.

"Yuko wapi?"

"Darajani."

"Anatazama nini?"

"Mdiria."

Raheli akafikiri. "Mdogo wa siku zote, au yule mkubwa?"

Nikarudi kwenye simu. "Petro anasema ni yule mkubwa. Ana samaki mdomoni."

"Huyo mkubwa hatujampata mwaka mzima," Raheli akasema, akamgusa dereva begani. "Twende."

Tukaenda. Komba alikuwa ameegemea ukingo wa daraja na suti yake ya bluu, anachora kwa kalamu ya wino nyuma ya ratiba ya ibada. Raheli akashuka, akakusanya shela yake kwa mkono mmoja, akasimama karibu naye. Malori yalipunguza mwendo, makonda wakapiga vigelegele, bodaboda zikasimama mstari. Wale wawili hawakugeuka. Mdiria alimpiga samaki kwenye tawi mara tatu, akammeza, akajikung'uta, akaruka kufuata mto.

"Umempata?" Raheli akauliza.

"Kifua tu. Mkia sikuwahi."

"Mkia nimeuona mimi. Nitakuambia tukiwa ndani."

Wakapanda gari moja, kinyume cha taratibu zote, nasi tukawafuata tukipiga honi. Mchungaji alifungisha ndoa saa tano na dakika kumi, na wakati wa sala ndefu niliwaona wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu, Raheli anamchorea mkia kiganjani kwa kidole.

Ni mwaka wa pili sasa. Wamepanga nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma ya kitalu, na kila Jumamosi watoto hukaa chini kati ya viriba, kila mmoja na karatasi yake. Raheli naye ameanza kuchora. Hadi sasa kila anachochora kinafanana na mchicha, na Komba huzitundika zote sebuleni. Alhamisi iliyopita aliingia ofisini na matope hadi magotini, akasema wanawapeleka darasa la sita Hale wakaone mto, gari lina nafasi moja, wanahitaji mtu wa kubeba ndoo. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Niliifungia kabatini, nikaenda kuvua viatu.